Upande wa Mlima

Juzi binti yangu alinijia ofisini Shimanzi, hapa Mombasa, simu mkononi. Nilikuwa na safari ya Nairobi kwenda kutazama lori jingine, na yeye ndiye anayenikatia tiketi siku hizi, maana mimi na mambo ya kubofya hatupatani. Shule niliiacha darasa la sita, sioni haya kusema, na wengine walionipita darasani leo hunipigia simu niwabebee mizigo. Nina malori kumi na moja, na hakuna hata moja nililoachiwa na mtu. Basi akanionyesha picha ya ndege iliyochorwa vijisanduku kama trei ya mayai, akaniuliza, "Baba, nikuwekee dirisha la kushoto ama la kulia? Wasema ukikaa upande mzuri waiona Kilimanjaro."

Mimi ambaye nazungumza na maafisa wa bandari bila sauti kutetemeka, niliinamia makaratasi ya mezani nisimtazame mtoto wangu. Nikamwambia aniweke popote. Akatoka huku ananishangaa, nami nikabaki nimekaa, nanusa mafuta ya karafuu. Mle ofisini hamkuwa na karafuu. Mlikuwa na dizeli, na vumbi la Shimanzi linaloingia hata dirisha likifungwa. Lakini nilikuwa nanusa karafuu, wallahi.

Harufu ile ni ya nyanya yangu mzaa baba. Kichwa kilikuwa kikimsumbua, na kila asubuhi alijipaka mafuta ya karafuu kwenye panja kisha akajifunga leso kwa nguvu. Tulikaa ghorofani, katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, nyumba ya ngazi nyembamba yenye vidato kumi na saba. Navikumbuka kwa idadi kwa sababu ndiye aliyenihesabisha, na nilidhani ananifundisha hesabu.

Wenzangu wa rika langu mtazikumbuka tiketi za ndege za zamani. Kilikuwa kijitabu kirefu chembamba, na nyuma ya kila karatasi mna wekundu, ukikishika wachafuka vidole. Vidole vya baba yangu vilikuwa vyekundu siku zote. Jina lake Mbarak, na alikuwa tarishi wa ofisi moja ya kukata tiketi, huko mjini, nje ya Mji wa Kale. Kazi yake ilikuwa kuzipeleka tiketi majumbani kwa baiskeli. Mwingine angeiona kazi ndogo. Baba aliifanya ikawa kubwa, na hapo ndipo nilipojifunza biashara, si penginepo. Hakukupa tiketi akaenda zake. Alikaa kitako, akapokea kahawa, akakueleza ndege huondoka vipi, masikio yakiziba ufanye nini, peremende wagawa saa ngapi, na mwisho, kama mtu anayetoa siri ya nyumbani kwake, akakwambia ukae upande gani ili uuone mlima.

"Kwenda kaa kulia, kurudi kaa kushoto."

Ukimuuliza kwa nini, alikuwa na mfano wake. Ukishuka Ndia Kuu waenda Ngomeni, alisema, duka la Twahiri li mkono huu. Ukirudi, duka halikuhama, lakini li mkono ule. Mlima nao ni vivyo hivyo. Wazee walitikisa vichwa wakasema huyu Mbarak ana akili, basi tu hakusomeshwa. Na mimi niliyekuwa nimekaa miguuni pake nilivimba kifua.

Msafiri akirudi, mahali pa kwanza kupita ilikuwa barazani kwetu, baada ya alasiri. Baba alimpisha pa kukaa, akamuuliza, "Ehe, mliuona?" Na wote walikuwa wameuona. Mmoja alisema umekaa kama sinia la wali lililopakuliwa sasa hivi. Mwingine alisema kama kofia ya viua iliyotoka kufuliwa, imeanikwa juu ya mawingu. Bibi mmoja wa mtaa wa pili alisema ulikuwa karibu hata alihisi baridi ya theluji kwenye kioo, akajitanda buibui vizuri. Aliyesifu kuliko wote alikuwa Ami Twahiri mwenyewe, muuza vitambaa, ambaye alipanda ndege kila mwezi kwenda kununua mali. "Upande wako ni ule ule, Mbarak," alikuwa akisema, akimpiga baba begani. "Hukosei."

Mimi nilizikusanya habari hizo kama watoto wengine walivyokusanya vifuniko vya soda. Haikunijia hata siku moja kujiuliza mbona mlima mmoja una sura nyingi hivyo. Nilidhani ndivyo milima ilivyo, kila mtu hupewa wake. Na chuoni, chuo cha Kurani, tulipokuwa tunangoja mwalimu aje, niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu amepanda ndege mara nyingi hata hakumbuki. Mmoja alinibishia, nikampiga kibao cha mbao cha kusomea. Baba aliitwa. Alinisikiliza mbele ya mwalimu hadi nikamaliza. Alinishika mkono tu tukarudi nyumbani.

Sasa, jicho. Nyanya jicho la kushoto lilikuwa limekufa kabla mimi sijapata akili. Lilibaki la kulia, nalo likaanza kuingia ukungu. Daktari wa hapa Mombasa akaandika barua ya kwenda kwa bingwa wa macho Nairobi, na akamwambia baba waende haraka. Nyanya akakataa. Alikuwa anaogopa kisu. Mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Dubai akasema atalipa tiketi za ndege na daktari, ili Nyanya asikae njiani mchana kutwa na kichwa kile. Nyanya akakataa tena. Akabembelezwa siku nyingi, mwisho akatoa sharti lake.

Baba yake Nyanya, zamani, alikuwa mfanyakazi wa reli huko Voi. Akija likizo humwambia kwamba alfajiri mbingu zikiwa safi huamka akauona mlima mweupe, na kwamba siku moja atampeleka na yeye auone. Akafa kabla ya kumpeleka. "Basi nipeleke mimi kwanza niuone kwa jicho hili," Nyanya akamwambia baba, "kisha wanitie kisu wanavyotaka."

Hamjapata kumuona mtu aliyefurahi kama baba siku ile. Jambo lenyewe lilikuwa limeangukia kwenye ilmu yake. Na kwa kuwa ni mjuzi, akafanya jambo la kijuzi: akasema tusiende sasa. Miezi ile, alisema, mlima hujifunika, hata marubani hawauoni. Tungoje kaskazi ishike, mbingu zitakate. Miezi mitatu tu. Mama yangu aliuliza na ile "haraka" ya daktari je, na baba akasema madaktari ni kama watu wa ofisini kwake, kila kitu kwao ni haraka. "Nimchukue mama yangu hadi juu mbinguni nikamwonyeshe ukungu?" akasema. "Ukungu si anao hapa hapa." Nyanya akacheka. Akasema tungoje.

Miezi mitatu ile ndiyo nilipokuwa mtu mkubwa, au ndivyo nilivyodhani. Nyanya alianza kunitaka kila mahali. Alinipa nimtilie uzi kwenye sindano yake akisema macho yangu ni mapya. Akishuka ngazi aliweka mkono begani kwangu, akaniambia nihesabu vidato kwa sauti. Njiani aliniuliza nani yule anayekuja, amevaa nini, nami nikamweleza, kisha mtu akifika yeye ndiye anayetangulia: "Sabalkheri, bi Zuhura, leso hiyo yakupendeza." Bi Zuhura akafurahi. Akimimina kahawa alitia ncha ya kidole ndani ya kikombe, nami nikadhani anapima moto. Alikoma kufuma kofia, akasema amechoka na rangi moja. Mama alikuwa na mtoto mchanga aliyelia usiku na mchana, na baba alikuwa kazini na kwenye baiskeli. Aliyekuwa na Nyanya saa zote ni mimi, mtoto wa miaka tisa, na nililoliona ni hili tu: kwamba kati ya wajukuu wote nimechaguliwa mimi.

Mama hangeweza kuondoka na mtoto mchanga, kwa hiyo tukaenda watu watatu. Siku ya safari mtaa mzima ulikuja. Tulifukizwa ubani, tukapita chini ya msahafu pale mlangoni, Nyanya mbele, mkono wake begani kwangu. Watu wakamwambia baba aupelekee mlima salamu. Mmoja akamuuliza hii kwake ni safari ya ngapi. Baba akacheka, akasema wakati umekwenda, tusichelewe.

Kule uwanja wa ndege baba alimwambia yule kijana wa kaunta, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba anataka viti vitatu vya mkono wa kulia na mama yake akae dirishani. Yule kijana akataka kusema kitu, akaangalia watu waliopanga foleni, akatupa tulichotaka.

Ndani ya ndege mlinukia ngozi na manukato na chai. Nyanya dirishani, mimi katikati, baba pembeni ya njia. Nikafunga mkanda wangu peke yangu, nilitazama tu wenzangu wafanyavyo. Baba alikuwa bado anauvuta wake, chuma huku na chuma huku, haviingiani. Aliuvuta hata jasho likamtoka usoni. Yule dada wa ndege akainama, akaufunga mara moja, akamwuliza kwa upole, "Ndiyo mara ya kwanza, mzee?"

Baba akamjibu chini chini, lakini mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, goti kwa goti.

"Ndiyo."

Wenzangu, ule ulikuwa mwanzo tu. Nilimtazama baba usoni nikiona kama nimeketi na mtu wa nyumba nyingine. Nikakumbuka kibao nilichompigia mwenzangu. Baba hakunigeukia. Aliyatazama mafundisho ya karatasini, yale ya picha za watu wanaoruka kutoka mlangoni, akayashika kama mtu anayejua kuyasoma.

Ndege ikapaa. Nyanya alinishika mkono, paji lake la uso limegusa kioo, na mafuta yake ya karafuu yameacha alama kiooni. Baba roho ilikuwa imeanza kumrudia. Peremende zikaja, kama alivyosema. Masikio yakaziba, kama alivyosema. Nami nikaanza kumsamehe, nikajiambia ajuaye kiasi hiki si lazima awe amepanda.

"Mama, umeuona?"

"Bado, mwanangu."

Akangoja. Akauliza tena. Bado. Mimi nilichungulia juu ya bega la Nyanya, nikaona nchi nyekundu tambarare, haina kitu, na mito mikavu kama nyufa za ukuta. Baba akasema mlima wenyewe hauko mbali, hujitokeza ghafula.

Hapo ndipo sauti ya rubani ikatoka juu ya vichwa vyetu. Ilisema kwanza Kiingereza, watu wakaanza kunyanyuka, kisha ikasema Kiswahili, taratibu, ikatupongeza kwa kupata siku safi, ikasema Mlima Kilimanjaro unaonekana vizuri sana upande wetu wa kushoto.

Nilimuona baba akiitazama mikono yake. Aliutazama mmoja, akautazama wa pili, kama mtoto anayefundishwa. Baadaye sana, nilipokuwa mtu mzima, ndipo aliponieleza kosa lilianzia wapi: mgeni mmoja wa hoteli alimwambia pale ofisini kwamba ameuona mlima mkono wa kulia, na yeye hakumuuliza ni katika kuja au katika kurudi. Neno moja hilo ndilo alilolisambaza majumbani miaka yote ile.

Lakini siku ile hakuwa anafikiri mambo ya mgeni. Alikuwa amegeuka kutazama ng'ambo ya njia, na nikatazama anapotazama. Dirishani upande wa kushoto, safu ile ile yetu, alikuwa ameketi Ami Twahiri. Alikuwa ameingia nyuma yetu, hatukumwona. Gazeti limekunjwa mapajani, uso ameuelekeza nje, ametulia kabisa, hana mshangao hata chembe.

Baba akaita jina lake. Ami Twahiri akageuka, na mtu yule mweupe wa uso akawa mwekundu hadi shingoni.

"Twahiri. Wewe hukaa hapo tangu lini?"

"Tangu safari ya pili."

"Na wengine?"

"Mbarak, wengine wajua, wengine hawajui. Wasiojua waliona ardhi tupu, wakaona haya kusema."

"Watu wote wale," baba akasema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Kahawa yangu wamekunywa. Hakuna hata mmoja wa kuniambia?"

"Nikwambie wapi? Barazani, mbele za watu? Na mwanao amekaa pale?"

Nikajiona nimeguswa mimi. Kwamba mimi nilikuwa mojawapo ya sababu. Sijui kama mnaelewa mtoto anavyoshtuka akigundua wazee wanaosimama safu ya mbele msikitini, wale ambao wakipita tunanyamaza, walikuwa wakikaa barazani kwetu wakisimulia sinia la wali na kofia ya viua na baridi ya kiooni, na hakuna kitu. Nilianza kuwapitia mmoja mmoja kichwani kwangu. Nikafika kwa yule bibi aliyejitanda buibui nikashindwa kuendelea. Na nikajiapiza, mle ndegeni, kwamba mimi sitamfanyia baba hivyo. Atakaloniuliza nitamwambia lilivyo.

Ami Twahiri alikuwa amekwisha kunyanyuka. Upande ule ulikuwa wa viti viwili viwili; akamwambia mwenziwe aliyekaa kando yake, mtu wa bara mwenye tai na mkoba wa ofisi mapajani, ampishe mama mzee, na yule bwana akainuka bila ya swali, akaenda kukaa nyuma. Tukahama haraka haraka, Nyanya mkono wake begani kwangu, baba akitusukuma na kusema ndoo Mama, ndoo huku, mlima utapita. Nyanya akatiwa dirishani, mimi kando yake. Yule dada wa ndege akaja akamwambia baba asisimame njiani, naye akarudi upande wa kulia, akakaa kwenye ukingo wa kiti chake, shingo ameinyoosha.

Nikachungulia.

Sitawadanganya, nimefika Dubai, nimefika Guangzhou kununua vipuri, nimekaa kiti cha mbele ambacho hugeuzwa kitanda. Sijapata kuona kitu kama kile. Mawingu yalikuwa chini, meupe, yametandazwa, na mlima umesimama juu yake peke yake, hauna miguu. Haukuwa sinia wala kofia. Ulikuwa mpana, rangi ya buluu iliyoiva, na juu umekatwa bapa, na weupe unashuka pembeni kwa michirizi kama maziwa yaliyofurika sufuriani. Haukusogea. Sisi ndio tuliokuwa tunasogea na wenyewe unatutazama tukipita.

Nikamgeukia Nyanya ili tuuone pamoja. Alikuwa ametoa macho, anatabasamu, uso ameuelekeza mbele, kwenye mgongo wa kiti cha mtu.

Nikamgusa nikamwambia, "Nyanya, ni huku." Akageuza uso, akaupitisha. Ukapita dirisha, ukapita mlima, ukaenda kutua kwenye ukuta wa ndege, pale penye msumari. Jua lilikuwa linampiga ndani ya lile jicho la kulia, na jicho halikupepesa.

Nikaelewa. Vidato kumi na saba. Uzi na sindano. Kidole kikombeni. Leso ya bi Zuhura, ambayo mimi ndiye niliyemwambia rangi yake. Vyote vilinijia kwa mpigo mmoja, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nyanya akaufunika kwa kiganja chake, akainama hata leso yake ikanifunika na mimi.

"N'ambia ulivyo," akaninong'oneza. "Upesi, kabla haujapita."

Akanifinya. Nikamwambia hauna miguu. Nikamwambia buluu, nikamwambia juu umekatwa, nikamwambia maziwa. Kila nilichokisema yeye alikinyanyua, akageuka kuelekea ng'ambo ya njia aliko mwanawe, akakisema kwa sauti kubwa ya furaha.

"Mbarak, hauna miguu! Umekaa juu ya mawingu!"

"Wauona, Mama?"

"Nauona. Theluji yashuka kama maziwa yaliyofurika. Baba yangu hakunieleza hata nusu."

Baba alitoa leso yake ya mfukoni akafunika nayo uso mzima. Mabega yakawa yanaruka. Ami Twahiri, aliyekaa kiti nilichokiacha kando yake, akamshika goti. Watu waliokuwa karibu wakatabasamu, yule bwana wa tai akampongeza Nyanya kutoka nyuma. Na mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, kwa kuwa nilidhani ndege yote inaanguka na ni mimi peke yangu ninayejua.

Siku ile tukafika Nairobi. Tulilala kwa jamaa, na baba alisimulia tangu maghribi hadi tukalala. Upande, alisema, amekosea, ni binadamu, na akirudi Mombasa atawaambia watu wazi. Lakini mama yake ameuona. Alilisema hilo mara nyingi mno. Uongo wa Ami Twahiri haukumuuma tena, kila kitu kilikuwa kimelipwa na maziwa yale.

Asubuhi tukaenda kwa yule bingwa. Alikuwa mtu wa bara, mpole, Kiswahili chake cha kupimapima. Chumba kilinuka spiriti. Alimweka Nyanya kwenye kiti kirefu, mimi nikasimama kando yake kwa sababu hakuniachia mkono. Akazima taa, akamulika jicho kwa kurunzi ndogo, karibu, karibu zaidi. Akaiwasha taa, akanyoosha vidole vitatu akamuuliza ni vingapi. Nyanya akasema viwili. Akasogeza mkono kulia, akausogeza kushoto. Kisha akakaa, akaifungua tena ile barua ya daktari wa Mombasa, akaisoma juu, pale panapoandikwa siku na mwezi.

"Mzee," akamwambia baba, "jicho hili halioni tena. Hata mwanga. Presha ya ndani imeliua. Si jambo la jana wala juzi, ni miezi miwili sasa, pengine zaidi. Barua hii ilipoandikwa lilikuwa bado la kuokolewa. Sasa kisu hakina kazi."

Baba akacheka. Kicheko kidogo cha adabu, cha mtu anayemsahihisha mkubwa.

"Daktari, samahani. Hapa pana kosa. Mama yangu jana ameuona Kilimanjaro. Ameueleza mimi nasikia, ndege nzima yasikia. Mpasue tu, jicho lipo." Akanigeukia. "Muulize huyu mwanangu, walikaa dirisha moja. Salim, mwambie daktari."

Mkono wa Nyanya ulinibana hata mifupa ikagusana. Nilidhani naye anataka niseme. Mimi nilikuwa na kiapo changu tangu jana, na kumbe ndiyo kwanza naulizwa. Na daktari alikuwa anangoja, na kisu nilikiwaza kiko wapi kati ya vile vyombo vilivyopangwa kwenye trei.

"Mimi ndiye niliyeuona, Baba," nikasema. "Nyanya nilikuwa namwambia, na yeye akikwambia wewe. Nyanya haoni. Tangu kusi liishe haoni."

Daktari akatazama chini. Mkono wa Nyanya ukalegea, ukaniachia kabisa, na nikahisi baridi pale uliponishika.

Ningeomba baba anipige. Hakunipiga, hakunitazama hata. Alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, ameinua mkono wake mmoja usawa wa kifua, na kwa kidole gumba, kile chenye wekundu wa tiketi, alikuwa anagusa vidole vingine. Akagusa cha kwanza midomo inacheza. Akagusa cha pili. Akafika cha tatu akasimama, akarudi mwanzo akaanza upya, kama mtu asiyeamini jumla yake. Mtoto mimi sikujua kwamba anahesabu miezi. Chumba kilikuwa kimya, hakikutoka sauti yoyote kwake, hata kiti hakikulia.

Na Nyanya, kule kwenye kiti kirefu, uso ameuelekeza darini, akasema, "Mbarak, wacha kuhesabu."